Mama umenawa? Shira, dhahabu na tone la damu



Leo hatuna mapishi wala mishono ya bi harusi. Tuna kisa kilichotokea ndani ya nyumba yetu, wiki ya harusi ya mdogo wetu. Kabla ya kukiandika tulimwomba Mama ruhusa, maana kisa ni chake. Akatwambia, "Andikeni wanangu, pengine mama wa mwenzenu atanusurika." Basi tumeandika.

Sisi ni ndugu watatu wa kike. Wawili tushaolewa na tuna watoto, na huyo wa tatu ndiye aliyekuwa bi harusi. Wale waliokwisha kuozesha mtoto Unguja wanajua wiki ile inavyokuwa. Bi harusi keshaingia ndani, somo yake yuko naye, chumba kizima kinanukia singo na udi. Ukumbini wageni wa shamba wamelala juu ya mikeka. Uani kuna masufuria yasiyo na idadi, na kila shangazi ana amri yake.

Mama yetu ana kisukari mwaka wa tisa sasa, na miaka miwili hii anachoma insulini. Ni mtu wa kujipima, hana uvivu. Lakini siku ile alikuwa kwenye visheti. Kwetu visheti ni kazi ya Mama, hamwachii mtu. Sisi tunasukuma na kukata, shangazi anakaanga, lakini kutia shira ni yeye mwenyewe, maana shira ikizidi moto inaungua na ikipungua visheti vinarojeka. Alikaa kwenye kibao chake tangu baada ya sala ya adhuhuri, mikono imo ndani ya karai, anavigeuzageuza mpaka sukari ikawa nyeupe juu yake.

Saa nane ikafika, chakula kikawa tayari, na Mama huwa anajipima kabla ya kula. Kwa kuwa hakutaka kunyanyuka, tukamletea mashine pale pale uani. Akajifuta kidole kwa ncha ya khanga, akajitoboa, akagusisha damu kwenye stripu. Baada ya sekunde chache mashine ikaandika 22.3.

Tulishtuka sote. Asubuhi alikuwa na 7 na kitu. Shangazi akasema ni mchafuko wa harusi, mwengine akasema ni chai ya maziwa aliyokunywa kwa jirani. Mama mwenyewe akashangaa, akasema hasikii kiu, wala hakwenda chooni zaidi ya kawaida. Lakini mashine ndiyo mashine. Karatasi tuliyopewa kliniki inasema sukari ikipita kiwango fulani aongeze uniti kadhaa za insulini. Mmoja wetu akakimbilia friji, mwengine akaleta sindano. Dawa ikavutwa.

Ndipo tukasikia sauti ya bi harusi kutoka chumbani, nyuma ya pazia, "Mama umenawa mikono?"

Hakuna aliyejibu. Tulitazama vidole vya Mama. Shira ilikuwa imekauka juu yake, nyeupe, mpaka kwenye kucha.

Tukamletea maji na sabuni. Akanawa, akajikausha vizuri, akatoboa kidole chengine. Mashine ikaandika 6.4.

Tuliwaza mambo mawili matatu pale pale, na mpaka leo tunapoyakumbuka mwili unasisimka. Mtu mwenye 6.4 angechomwa dawa ya mtu mwenye 22. Baada ya chakula kidogo angesema amechoka, angekwenda kujinyoosha. Jioni ile ilikuwa ya kutia hina, sote tungekuwa chumbani kwa bi harusi tunapiga vigelegele, na tungeambizana, "Mwacheni Mama alale, amefanya kazi nyingi." Sukari ikishuka sana mtu anaweza kupoteza fahamu, na ikiendelea anaweza kufa. Tungejua saa ngapi? Alhamdulillah, Allah alituhifadhi kwa ulimi wa mtoto aliyekuwa amefungiwa ndani. Mwezi mmoja kabla alikuwa amempeleka Mama kliniki na nesi alimwambia neno hilo la kunawa. Sisi wakubwa tuliosema tuko bize hatukuwepo.

Baada ya harusi tulikuwa na swali ambalo halikutuachia. Kiasi gani cha shira kinaweza kuidanganya mashine hivyo? Tukamuuliza binamu yetu anayesomesha kemia skuli ya sekondari. Alikuja jioni moja, tukakaa barazani na kahawa, na yeye akatufundisha kama anavyowafundisha watoto wake. Tuliyoyafahamu ndiyo tunayowaandikia.

Kwanza, sukari ya damuni ni kidogo kuliko tunavyodhani. Mtu mzima mwenye afya ana damu kama lita 5, na glukosi yote iliyomo humo ni kama gramu 4 au 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Kijiko kimoja tu kwa mwili mzima! Na mashine haichukui damu yote, inachukua tone ambalo mara nyingi halifiki hata mikrolita 1. Mikrolita ni sehemu moja ya milioni ya lita. Sasa piga hesabu, katika tone hilo mna sukari kiasi gani? Chembe isiyoonekana kwa macho. Ukiwa na ukungu tu wa shira kwenye ngozi, au maji ya embe boribo uliyomenya, hiyo inaweza kuizidi ile ya damuni mara mbili au tatu. Uchunguzi wa Japani uliochapishwa 2011 ulipima watu waliomenya matunda. Wasiponawa, mashine ilionesha sukari ya juu sana. Hata waliofuta kidole kwa spiriti bado majibu yalikuja juu. Waliopata jibu la kweli ni walionawa kwa maji ya bomba.

Pili, stripu yenyewe si karatasi. Ni kihisi, na wataalamu wanakiita bayosensa, maana nusu yake ni kitu cha uhai na nusu ni cha umeme. Kitu cha uhai ni kimeng'enya. Kinachotumika sana kinaitwa glukosi oksidesi, na hutolewa kwenye kuvu. Kazi yake ni moja, kuitambua glukosi katikati ya vitu vyote vilivyomo damuni na kuinyang'anya elektroni. Elektroni hizo hupokewa na dawa nyengine iliyopakwa kwenye stripu, nayo huzipeleka kwenye elektrodi, ule mstari mdogo unaoonekana ukiigeuza stripu. Zikifika hapo unakuwa umeme mdogo sana, na mashine inaupima. Glukosi nyingi, umeme mwingi. Glukosi kidogo, umeme kidogo. Mashine haijui kama glukosi imetoka ndani ya mshipa au juu ya ngozi. Na shira yetu tunaipika mpaka inashika, mara nyingine tunaitia ndimu, na sukari ikipikwa na ndimu baadhi yake huvunjika ikawa glukosi. Basi mashine haikusema uongo siku ile. Ilipima tulichoipa.

Fikra hii ilianza 1962, pale Leland Clark na mwenzake Champ Lyons huko Marekani walipoeleza namna ya kukiweka kimeng'enya juu ya elektrodi. Lakini mashine ya kuweka nyumbani iliyotumia umeme namna hii ilikuja kuuzwa 1987, ikiwa na umbo la kalamu, kutokana na kazi iliyofanywa Uingereza. Mama zetu waliougua kabla ya hapo walikuwa wakipima mkojo, au stripu za kubadilika rangi, na wengi wakisubiri siku ya hospitali.

Tatu ndiyo iliyotufurahisha zaidi, kwa sababu imehusu dhahabu, na wanawake wa visiwani na dhahabu hamtuambii kitu. Binamu alituuliza, "Nikikupeni nazi nzima mkaitia kwenye maji, mtapata tui?" Tukacheka. Nazi lazima ikunwe. Nazi ni ile ile, uzito ni ule ule, lakini ikikunwa maji yanaifikia kila upande. Akasema, basi vitu vya nano ndivyo vilivyo. Unachukua dhahabu au kaboni ukaifanya ndogo mno, mpaka inahesabiwa kwa nanomita. Milimita moja ina nanomita milioni 1. Unywele mmoja unene wake ni kama nanomita 80,000. Chembe ya dhahabu wanayotumia inaweza kuwa nanomita 20 tu. Ukiipaka elektrodi kwa chembe kama hizo, inakuwa kama nazi iliyokunwa. Uso wake unaongezeka mno, vimeng'enya vingi vinapata pa kukaa, na elektroni zinapita kwa wepesi. Kwa hiyo kihisi kinaweza kuona kitu kidogo zaidi.

Stripu za kawaida tunazonunua nyingi zina kaboni, na baadhi zina utando mwembamba wa dhahabu au paladiamu. Ndiyo, katika kile kikopo cha stripu pengine mna dhahabu, na sisi tukizitupa. Chembe za nano watafiti wanazitumia kutengeneza vihisi vinavyokuja, vya kupima sukari kwenye jasho, mate au machozi, ambako sukari ni kidogo kuliko damuni. Mirija ya kaboni ilijulikana sana baada ya kazi ya Sumio Iijima wa Japani mwaka 1991. Grafini, ambayo ni tabaka moja tu la kaboni, ilitengwa Manchester mwaka 2004 na waliofanya hivyo wakapata Tuzo ya Nobel 2010.

Na dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho haiwi ya manjano tena. Inakuwa nyekundu kama maji ya rozela. Michael Faraday aliieleza rangi hiyo tangu 1857. Wale walioolewa wengi mshaiona bila ya kujua. Vipimo vingi vya mimba, ule mstari mwekundu unaotoka, ni chembe za dhahabu. Kile hakitumii umeme, ni cha rangi tu, lakini dhahabu ni hiyo hiyo. Bi harusi anapewa dhahabu ya mahari akaivaa shingoni, na miezi michache baadaye, Allah akijaalia, dhahabu nyengine inampa habari njema. Subhanallah.

Hapo binamu akamgeukia bi harusi wetu, ambaye sasa alikuwa mke wa mtu, akamuuliza, "Na ile krimu uliyopewa uipake kabla ya harusi, uliisoma?" Akainamisha kichwa. Tulijua sote anasema krimu ipi. Ilikuja na mgeni, kwenye kikopo kizuri, ya kutakatisha uso ndani ya siku saba. Zipo krimu za namna hiyo zenye zebaki. Zebaki inaingia mwilini kwa ngozi, inadhuru figo, na mwanamke akishika mimba inaweza kumfikia mtoto. Mkataba wa Minamata uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kusafirisha nje vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni, lakini madukani na mikobani bado vinapita.

Mnajua watafiti wanaitafutaje zebaki? Kwa dhahabu. Zebaki na dhahabu zinapendana, zikigusana zinashikana. Wachimbaji wadogo wanaitumia zebaki kukusanya dhahabu kwa sababu hiyo hiyo. Basi elektrodi yenye chembe za dhahabu inaikamata zebaki iliyomo kwenye sampuli, kisha umeme unabadilishwa polepole mpaka zebaki inaachia, na ule umeme unaopita wakati wa kuachia unaeleza zebaki ni kiasi gani. Vihisi vingi vya aina hiyo bado vimo maabara, hatuviuzi wala hatuvinunui. Lakini kuna kipimo kimoja kisichotaka maabara, nacho ni kusoma maandishi. Shirika la Afya Duniani linatahadharisha kwamba krimu inayoandikwa isiguse dhahabu, fedha au vito, hiyo pengine ina zebaki. Pia tazama maneno kama "mercury", "mercuric", "calomel" au herufi Hg. Bi harusi wetu alikwenda kukileta kikopo. Kimeandikwa uvue pete kabla ya kupaka. Alikuwa ameipaka siku nne. Tulimpeleka kwa daktari akapimwa figo, na alhamdulillah ni mzima. Singo ya liwa, mchele na maua tuliyoachiwa na bibi zetu haikumtaka mtu avue pete.

Jambo la nne tunalijibu kwa sababu tunaulizwa kila Ramadhani. Je, kujitoboa kidole kunafunguza? Wanavyuoni wengi wa zama hizi wanasema tone la kupimia halifunguzi. Mwenye shaka amuulize shekhe wake, lakini asiache kujipima kwa hofu. Mama yetu aliacha Ramadhani mbili, akikaa na sukari asiyoijua mchana kutwa, na sisi tukimsifu kwa uvumilivu. Mwongozo wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari unasema mwenye kufunga afungue ikiwa sukari imeshuka chini ya 3.9 au imepanda zaidi ya 16.6, au akijisikia vibaya. Na wako wagonjwa ambao daktari atawaambia wasifunge kabisa. Hiyo ni ruhusa ya Mola wao. Mama alilia alipoambiwa. Tulimwambia aliyefaridhisha saumu ndiye aliyempa mgonjwa ruhusa, na kuikataa ruhusa hakumwongezei kitu. Sasa analisha maskini, na yeye ndiye anayetupikia futari.

Kwa hiyo wapenzi wetu, haya ndiyo tunayoyafuata nyumbani, nayo hayana gharama:

Mwenye kupimwa anawe kwa maji na sabuni, ajikaushe vizuri. Kufuta kwa khanga si kunawa, na spiriti peke yake haitoshi mtu akiwa ametoka jikoni.

Jibu likikushangaza na mtu hana dalili yoyote, mnawishe upime tena kidole chengine kabla ya kugusa insulini. Lakini kama anaonesha dalili za sukari kushuka, anatetemeka, anatoka jasho jingi, anababaika, mpe kitu kitamu kwanza, maneno baadaye. Akiwa hana fahamu usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Stripu zikae kwenye kikopo chake, kifuniko kimefungwa. Kile kimeng'enya kinaharibika kwa unyevunyevu na joto, na visiwa vyetu vina vyote viwili. Mama alikuwa akiweka zake dirishani. Tazama na tarehe ya mwisho.

Tofauti ndogo isikutie wasiwasi. Kiwango cha ISO cha 2013 kinaitaka mashine, kwa sukari ya 5.6 na zaidi, itoe majibu yasiyopishana na ya maabara kwa zaidi ya asilimia 15, katika vipimo 95 kwa kila 100. Kwa hiyo 6.4 ya Mama inaweza kuwa 5.5 au 7.3. Lakini 22 haiwezi kuwa 6. Ukiona hivyo ujue kuna jambo.

Na nyinyi mabibi harusi, kama mama au bibi yako ana kisukari, jipime kabla ya kushika mimba na umwambie daktari akufuatilie ukishashika. Ni zawadi ya harusi ambayo haitakuwemo sandukuni.

Neno la mwisho. Tulijiuliza kwa nini sisi wawili, tuliokuwa uani pamoja na Mama, hatukuona shira iliyokuwa mbele ya macho yetu, na aliyefungiwa ndani ndiye aliyeiona. Tulikuwa tunaitazama mashine. Yeye alikuwa anamfikiria Mama. Tangu siku ile tumekubaliana kwamba mmoja wetu atakwenda naye kliniki kila mwezi, kwa zamu, hata kama kuna harusi ya nani.

Visheti vilikuwa vitamu. Mama hakula hata kimoja, alituangalia tu tukila, akatuuliza, "Shira imeshika?" Tukamjibu imeshika, Mama, imeshika sana.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote, awahifadhi mama zetu, na awape mabibi harusi wetu ndoa za mapenzi na rehema. Amin.